Barua ya wazi: Kiraka kipo, ila hakijafika Kilombero

Kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kampuni za simu, waagizaji wa simu, na kila kliniki, ofisi na chama kinachotuita kwenye vikao vya video.

Waheshimiwa,

Poleni na kazi. Mimi ni fundi simu wa Arusha, kibanda changu kiko pembeni mwa Soko la Kilombero. Nimekaa hapo miaka 11 nikibadilisha vioo, betri na matundu ya chaji. Sina cheo na sikusomea usalama wa kompyuta chuoni. Ninachokijua nimekipata mezani, kwenye simu za watu, na kwa kusoma usiku. Ninawaandikia kuhusu viraka, yaani masasisho yanayoziba makosa ya usalama kwenye programu za simu, na ni kwa sababu ya jambo lililotokea kwenye kibaraza cha mama yangu, na ambalo mpaka leo halijanitoka.

Mama anaishi Tengeru. Ana kisukari, na mwaka jana alipata kidonda mguuni kilichokaa miezi. Kliniki anayotibiwa, ambayo sitaitaja, ilianzisha utaratibu ambao tuliufurahia wote: badala ya mgonjwa kubanana kwenye daladala kila wiki mbili na kukaa kwenye benchi asubuhi nzima, daktari anamwona kwa video. Anauangalia mguu, anauliza sukari ilisomaje, anaandika dawa. Kwa mtu ambaye akisimama nusu saa mguu unavimba, hiyo ni nafuu kubwa. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sitaki huduma hii ifungwe. Nataka iwe salama.

Mama anatumia kitochi. Linki ya miadi huja kwa ujumbe mfupi kwenye kitochi hicho, halafu mimi naiandika kwa mkono kwenye simu yangu, herufi kwa herufi. Ijumaa moja mwezi Machi tulikaa kibarazani, upande wa migombani ambako mtandao unashika vizuri. Linki iliishia na tarakimu 6. Mimi nikakosea moja. Palipokuwa na 3 nikaandika 8.

Kioo kikafunguka. Hakuwa daktari wa mama. Alikuwa mzee mmoja ameketi ukingoni mwa kitanda, kavua shati, amegeuza mgongo, na binti aliyeshika simu anajaribu kuisogeza ili daktari aone vizuri. Upande wa pili daktari alikuwa anasoma majina ya dawa. Nilisikia jina la mzee. Nilisikia ugonjwa wake. Ni ugonjwa ambao watu wengi wangependa ubaki kati yao na daktari tu. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, sikudaiwa namba ya siri, na wala hakukuwa na mahali pa kusubiri hadi daktari aniruhusu kuingia. Nilizima simu mikono ikitetemeka.

Mama alikuwa pembeni yangu, amevaa kitenge chake cha kwenda kwa daktari, kwa sababu kwake hata kwa video anaenda kwa daktari. Akauliza, "Huyo ni nani?" Sikujibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo na mimi watu wamekuwa wananiona?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Namba za linki zilikuwa zinafuatana. Yeyote mwenye muda wa kujaribu angeweza kuzunguka kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Siku hiyohiyo nilipiga namba iliyoko chini ya ujumbe. Nikasomewa saa za kufungua kliniki. Jumatatu nilikwenda mwenyewe. Binti wa mapokezi alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Kaka, haya ni mambo ya watu wa IT, na wao wako Dar." Akanipa anwani ya barua pepe. Niliandika, nikaeleza tatizo lilivyo bila kumtaja yule mzee, nikaandika tena. Kimya. Wiki ya tatu akanipigia mwanaume ambaye hakujitambulisha, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Wewe uliingiaje?" Hakuuliza ni wagonjwa wangapi wameonekana, wala kama nimemwambia mtu. Aliuliza mimi niliingiaje, kwa sauti ya kutafuta mwizi. Wiki ya saba linki zilibadilika, zikaanza kuja na namba ya siri. Hakuna mgonjwa aliyeelezwa sababu. Nina hakika yule mzee hajui hadi leo kwamba kuna fundi wa Kilombero aliyemwona mgongo.

Jambo hili si la kwetu peke yetu, na nalisema ili asitokee mtu akadhani namsema mtu mmoja. Januari 2019 kijana wa miaka 14 huko Arizona, Marekani, alikuwa anawaunganisha wenzake kwenye simu ya kundi ya FaceTime, programu ya Apple ya kupiga video, ili wacheze gemu. Akagundua kwamba akifuata hatua fulani anasikia sauti ya upande wa pili kabla mtu hajapokea. Mama yake alihangaika zaidi ya wiki kuitafuta Apple, akaandika kila alikodhani atasikika, bila kufika kwa anayehusika. Habari ilipoenea mitandaoni ndipo simu za kundi zikazimwa, na kiraka kikatoka tarehe 7 Februari 2019. Kama kampuni yenye utajiri ule haikuwa na mlango unaofunguka kwa mama mwenye taarifa sahihi, siwezi kuishangaa kliniki ya mkoani. Ila kampuni ile ilijifunza, na sisi tunaweza kujifunza bila kusubiri tuumie kwanza.

Kuna lingine linalowafunga watu midomo. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa, na ni sawa iwe hivyo. Lakini anayekosea tarakimu moja akaona asichopaswa kuona, kisha akaenda mbio kutoa taarifa, anajuaje kwamba yeye si mshitakiwa? Baada ya ile simu sikulala siku mbili. Mke wangu aliniambia niachane nayo. Ninawajua vijana wawili hapa mjini, hodari kunizidi mimi, ambao wameona matundu ya usalama, yaani makosa yanayompa mtu njia ya kuingia, kwenye mifumo ya watu na wamekaa kimya kwa hofu hiyohiyo.

Sasa niwaeleze kwa nini simu ya video inanitia wasiwasi kuliko programu nyingine.

Mtu anapokupigia, simu yako haikai bure ikisubiri uguse kitufe cha kijani. Inaanza kazi palepale. Inapokea vifurushi vidogo vya data, inakubaliana na simu ya upande wa pili itumie njia gani na picha ifungashwe vipi, inaandaa kamera na maikrofoni. Yote hayo yanaweza kufanyika wewe ukiwa bado unasoma jina la anayepiga. Kosa likiwepo kwenye hatua hizo za mwanzo, mshambuliaji hahitaji upokee. Mwaka 2021 mtafiti wa Google, Natalie Silvanovich, alichapisha makosa ya aina hii aliyoyakuta kwenye programu za kupigiana simu za Signal, Facebook Messenger, Google Duo na nyingine mbili, JioChat na Mocha: anayepiga aliweza kuifanya simu ya anayepigiwa irushe sauti au picha kabla ya kupokelewa. Yote yalikuwa yameshazibwa alipoyatangaza.

Halafu kuna kosa baya zaidi, ambalo wateja huwa nawaelezea kwa maziwa. Programu huandaa chombo cha kupokelea data, tuseme cha lita 5. Mtu akituma lita 20 na programu haikupima kabla ya kumimina, ile ziada inamwagikia kwenye vyombo vya jirani, na vyombo vya jirani ndimo zilimo amri zinazoiambia simu ifanye nini. Mshambuliaji stadi anapanga ziada yake imwagike pale anapotaka, na simu inaanza kutii amri zake. Mei 2019 WhatsApp walitangaza kosa la aina hiyo kwenye upande wa kupiga simu. Lilitumika kupandikiza programu ya ujasusi ya NSO Group ya Israeli kwa kupiga tu, hata kama mwenye simu hakupokea. Watu wapatao 1,400 walilengwa, wakiwemo waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu. Oktoba mwaka huo WhatsApp wakaishitaki NSO mahakamani Marekani.

Najua mtu wa kawaida wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha si shabaha ya majasusi. Lakini simu yake ndiyo yenye picha za watoto, ndiyo yenye pesa za M-Pesa, na ndiyo inayompeleka kwa daktari. Na tundu likishatangazwa, halibaki mikononi mwa majasusi peke yao. Kila anayesoma tangazo la kiraka anajua pa kulenga kwenye simu ambazo hazijakipokea.

Na hapo ndipo penye barua yangu. Septemba 2023 lilipatikana kosa kwenye libvpx, kipande cha programu kinachofungasha picha za video, kinachotumiwa ndani ya Chrome, Firefox na programu nyingine nyingi. Google walipewa taarifa tarehe 25. Tarehe 27 kiraka kilikuwa kimetoka. Siku 2! Wale watu wanastahili heshima, wanafanya kazi yao. Ila kutoka kwao hadi kwenye meza yangu, kiraka hichohicho kinaweza kuchukua miezi, na simu nyingine hazitakipata kamwe.

Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja kutoka Sakina. Binti yake ni muuguzi nje ya nchi, na kila Jumapili baada ya ibada hupigiana video ili aone wajukuu. Programu ikawa inakataa, inaandika kwamba toleo lake limepitwa na wakati. Nilifungua mipangilio, nikashuka mpaka kwenye sasisho la usalama. Tarehe iliyokuwepo ilikuwa ya miaka mitano nyuma. Ile simu aliletewa mwaka juzi, ikiwa kwenye boksi, na nailoni yake juu ya kioo. Yaani siku anamshukuru mwanawe kwa simu mpya, mtengenezaji alikuwa ameshaitelekeza. Hakuna aliyemdanganya kwa mdomo, na hakuna aliyemwambia pia. Boksi lilieleza kamera ina megapikseli ngapi na betri inakaa saa ngapi. Kuhusu viraka halikusema lolote.

Wenye simu zinazopokea viraka nao wana kikwazo chao, nacho ni bando. Sasisho la simu nzima linaweza kuzidi GB 1. Mtu aliyenunua bando la siku ili aongee na wateja wake wa nyanya hawezi kulimaliza kwa kitu asichokiona kwa macho. Kwa hiyo anazima masasisho. Na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nawazimia. Mteja akilalamika kwamba MB zinaisha, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa hilo, na nilidhani ninamsaidia. Nimewazimia watu wengi sana, na wengi wao siwezi tena kuwapata niwarudishie. Hilo linaniuma.

Wengine, programu halisi ikiwakatalia, wanarushiana zile nakala zinazoitwa GB, kama GB WhatsApp, zilizochezewa na watu wasiojulikana, kutoka simu hadi simu bila kugharimia bando. Zinapiga video vizuri tu. Ila kiraka cha mwenye programu haziletewi, na aliyezichezea ndiye mwenye ufunguo. Bibi wa Sakina alikuwa ameshawekewa moja na kijana wa jirani aliyetaka kumsaidia.

Waheshimiwa, najua mnaweza, kwa sababu mmeshaweza. Juni 2016 TCRA iliamua kuzima simu bandia. Kabla ya hapo nchi nzima ilifundishwa kubonyeza *#06# ili kuona namba ya utambulisho ya simu, na kuituma kwenda 15090. Bibi zetu waliijua ile namba. Watu walikuja kibandani kwa foleni kuniuliza kama simu yao itazimwa. Baadaye likaja zoezi la kusajili laini kwa alama za vidole, likafanyika mpaka vijijini. Mwaka 2022 TTCL walifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya Mlima Kilimanjaro, na leo mpagazi anaweza kumwonesha mke wake theluji kwa video. Nchi inayoweza hayo inaweza kufikisha kiraka Kilombero.

Kampuni za simu, ninawaomba masasisho ya usalama yasihesabiwe kwenye bando. Mmeshawahi kutupatia vifurushi vya mitandao ya kijamii bila kugusa bando kuu, kwa hiyo kutenganisha aina moja ya matumizi na nyingine mnajua. Kama ni mzigo, yashushwe usiku wakati minara imepumzika. Siombi filamu za bure. Naomba kile kinacholinda mtandao wenu pia.

Waagizaji na TCRA, naomba tarehe iandikwe kwenye boksi, kwa Kiswahili, kwa maandishi ambayo mtu mzima anaweza kuyasoma bila miwani: simu hii itapokea viraka vya usalama hadi mwezi fulani, mwaka fulani. Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 anayeuza kifaa cha kuunganishwa na intaneti anawajibika kutaja muda huo, na kutaja pia mahali pa kupeleka taarifa ya tundu la usalama. Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unadai masasisho ya miaka isiyopungua 5 baada ya simu kuacha kuuzwa. Viwanda ni vilevile. Tukikaa kimya, za kwetu zitakuwa zile zilizokataliwa kwingine.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nyinyi ndio nina matumaini nanyi zaidi. Sheria mnayoisimamia ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa zetu azilinde. Mgongo wa yule mzee ni taarifa binafsi. Naomba iwepo namba moja fupi ya simu, inayopokelewa na binadamu anayezungumza Kiswahili, ambayo fundi, muuguzi au mwanafunzi akiona tundu anapiga na kupewa namba ya kumbukumbu. Naomba itangazwe wazi kwamba anayeripoti kwa nia njema, ambaye hakuiba wala kusambaza, hatageuzwa mtuhumiwa. TCRA ina TZ-CERT, kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, chenye wataalamu, kwa hiyo upande wa utaalamu hatuanzi na sifuri. Kinachokosekana ni njia ya kutoka kibandani hadi kwao.

Na ninyi mnaotuita kwenye video, kliniki, vyama vya akiba na mikopo, shule, mabaraza, yapo ambayo hayahitaji kusubiri Dodoma wala Dar. Kila miadi iwe na namba ya siri na chumba cha kusubiria. Namba za linki zisifuatane. Programu yenu msiisambaze kama faili kwenye makundi ya WhatsApp, maana hapo ndipo mnapowazoesha watu kupokea zile zilizochezewa. Mtu mmoja kwenye ofisi awe na jukumu la kuangalia viraka, na jina lake lijulikane mapokezi. Likitokea tundu, simamisheni vikao mpaka lizibwe. Tarehe 1 Aprili 2020, Zoom wakiwa wametoka watu milioni 10 kwa siku hadi milioni 200 ndani ya miezi michache, mkuu wao Eric Yuan aliomba radhi hadharani na kutangaza kwamba kwa siku 90 wahandisi wote wataacha kuongeza mapya, watashughulikia usalama na faragha tu. Kama wao waliweza kusimama, kliniki inaweza kusimamisha video kwa wiki moja na kuwalipia wagonjwa nauli.

Likishazibwa, waambieni walioathirika. Hilo nalisisitiza kwa sababu ndilo lililonigusa zaidi. Yule mzee ana haki ya kujua. Labda atakasirika, labda atasema yamepita, lakini uamuzi huo ni wake.

Arusha ni mji wa mikutano. Jumuiya ya Afrika Mashariki iko hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, na kumbi za AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, zina watu wanaolipwa kuhakikisha mashine zimesasishwa kabla mgeni hajaketi. Ninafurahi wapo. Mama yangu wa Tengeru ana mimi tu, na bibi wa Sakina ana kijana wa jirani.

Kwa upande wangu nimeshaanza. Nimebandika karatasi ukutani: kusasisha programu za simu hapa ni bure, tunatumia intaneti ya kibanda. Kila simu inayopita mezani, iwe imeletwa kwa kioo au kwa chaji, naangalia tarehe ya sasisho lake na kumwonesha mwenyewe. Simu ya bibi nimeifuta nakala ile na kumwekea programu halisi, toleo la mwisho ambalo simu yake inakubali. Nimemweleza kwamba mwakani inaweza kukataa tena, na kwamba sina cha kufanya ikikataa.

Mama ana miadi nyingine Alhamisi ijayo, saa 4 asubuhi. Ameniuliza kama avae gauni la mikono mirefu, endapo atakuwepo mtu mwingine anayetazama. Nimemwambia siku hizi kuna namba ya siri. Amesema sawa, lakini gauni ameshalinyoosha.

Nasubiri majibu yenu.

Fundi simu,
Kilombero, Arusha